Makcik alijua anacholipia

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza kama mshindi wa shindano la kuimba la televisheni achaguliwe na majaji au na watazamaji wanaopiga kura kwa simu. Nilikusudia kujibu kwa neno moja tu, "majaji", lakini nikakumbuka mwaka 2005, nilipokuwa nikisoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kule Gombak, nje kidogo ya Kuala Lumpur, Malaysia, na jibu likarefuka. Wasomaji waliosoma huko wakati ule watakuwa wameshajua ninakoelekea: Akademi Fantasia, msimu wa tatu, msimu wa Mawi.

Kwa ambao hawakuwapo, shindano hilo lilianza mwaka 2003 katika Astro, televisheni ya kulipia, kwa mtindo uliotoka Mexico. Vijana waliwekwa pamoja katika nyumba moja na kufundishwa kuimba, maisha yao ya kila siku yakaonyeshwa katika kipindi cha shajara, na mwisho wa juma wakapanda jukwaani kwa tamasha lililoongozwa na Aznil Nawawi, mtangazaji ambaye wengine tulimfuata yeye kuliko washiriki. Waalikwa wenye ujuzi walikosoa uimbaji, lakini kubaki au kutoka kulitegemea kura za simu, na mtu aliweza kupiga nyingi kadiri salio lake lilivyomruhusu. Nilisema wakati ule, na ninasema tena, kwamba utaratibu unaomhesabu mtu mmoja mara hamsini haustahili kuitwa upigaji kura. Siti Nurhaliza, mwimbaji ambaye sidhani kama kuna Mmalaysia atakayebishana nami juu ya sauti yake, alishinda shindano la RTM, televisheni ya taifa, mwaka 1995, kabla ya mambo ya kura za ujumbe mfupi.

Mawi, ambaye jina lake ni Asmawi Ani, alitoka Felda Taib Andak katika jimbo la Johor. Felda ni mamlaka ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1956 kuwagawia ardhi watu wa vijijini wasiokuwa nayo, na makazi yake yamezungukwa na mashamba ya michikichi na mipira. Kijana huyo alikuwa ameimba nasyid, yaani kaswida za kule, alikuwa mpole, na nchi nzima ikampenda. Mimi nimekulia Unguja, katika nyumba ambamo taarabu ilisikilizwa kwa kukosoana, na sikio langu halikumkubali. Nilimwona binti mmoja katika kundi lile kuwa anamzidi kwa mbali.

Usiku wa fainali tulikuwa katika mkahawa wa mamak, yaani wa Waislamu wa Kitamil, unaokesha ukiuza roti canai, aina ya chapati, na chai ya maziwa, kwa sababu katika jengo letu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kulipia Astro. Mwenye mkahawa alitundika skrini kubwa, na viti vya plastiki vikajaa hadi kwenye maegesho ya magari. Nilikaa karibu na makcik (ndivyo Wamalay wanavyomwita mama wa makamo, kama sisi tusemavyo shangazi) wa ghorofa ya chini, mjane aliyeuza nasi lemak kila asubuhi mbele ya jengo: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, kipande cha tango na sambal, yaani pilipili ya kusaga, vimefungwa katika jani la mgomba. Pochi yake ilikuwa imejaa vocha za simu. Alikuwa akizikwangua kwa sarafu moja moja, taratibu, huku akipangusa vumbi lake kwa ncha ya mtandio, kisha anatuma kura, anasubiri jibu la kuthibitisha, anatuma nyingine. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa akimpigia kura mshiriki mwingine, alikuwa amehamia meza ya pili kwa hasira.

Nilimwuliza, kwa adabu niliyoweza kuikusanya, "Makcik, pesa zote za nasi lemak ziishie kwenye simu, na yule binti anaimba vizuri zaidi?"

"Anaimba vizuri zaidi?" akaniuliza.

"Ndiyo, makcik."

"Basi atapata kazi bila mimi, mwanangu. Huyu tusipompa sisi, atarudi kukata michikichi kama marehemu mume wangu."

Salio lilipomwishia, akaniomba simu yangu. Nikampa, akatuma kura zake, na palepale akaniwekea noti za ringgit mezani, kwa kuwa hakutaka deni. Jina la Mawi lilipotajwa, mpishi wa roti aliacha jiko na kukimbilia skrini, moshi ukatanda, na hakuna aliyelalamika. Makcik hakupiga kelele. Alifunga pochi, akamwita mwanawe waende kulala, kwa kuwa nazi ilikuwa bado haijakunwa.

Nimejaribu kuijibu hoja hiyo ya makcik kwa miaka mingi, na jibu ninalolipata ni dhaifu. Nikisema watazamaji huchagua mtu wa kwao tu, ninakumbuka kwamba mshindi wa kwanza wa Akademi Fantasia alikuwa Vince Chong, mwenye asili ya Kichina, na wa Malaysian Idol mwaka 2004 alikuwa Jaclyn Victor, mwenye asili ya Kihindi, katika nchi ambayo Wamalay ndio wengi. Lawama hiyohiyo ya kumchagua wa kwao niliisikia kwetu baada ya Tusker Project Fame, shindano la kuimba la Afrika Mashariki, kuanza mwaka 2006, na huko ilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu nchi zilishindana. Asian Idol ya mwaka 2007, iliyofanyika Jakarta, ilimlazimu kila mpiga kura kuchagua washiriki wawili; akashinda Hady Mirza wa Singapore, na ninaamini kura za pili za majirani ndizo zilizombeba. Inaonekana kwangu, basi, kwamba kanuni ya kuhesabu ina nguvu kuliko anayehesabiwa, na hilo hamkuliuliza.

Kwa hiyo niandikeni upande wa watazamaji, jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza barua hii. Majaji wachuje wanaoingia, ili asiyeweza kabisa kuimba asifike jukwaani, na baada ya hapo kila namba ya simu ihesabiwe mara moja kwa kila tamasha. Ninajua kwamba makcik angeuona utaratibu huo kuwa wa kibahili, na kwamba vituo vinavyotegemea mapato ya ujumbe havitaupenda hata kidogo. Vikiukataa, nihamishieni kwa majaji, ingawa kwa shingo upande.