Jifunze Mtiririko wa Kawaida Kabla ya Gridi

Wengi wanaoniomba niwafundishe kupanga kurasa za tovuti hutaka tuanze moja kwa moja na fleksiboksi au gridi, yaani mbinu mbili za CSS (lugha ya kupamba na kupanga ukurasa), nami huwarudisha kwenye HTML tupu, lugha inayobeba yaliyomo ya ukurasa. Andika ukurasa mzima bila mstari hata mmoja wa CSS, uufungue kwenye kivinjari, kisha upunguze upana wa dirisha polepole huku ukiutazama. Aya zitapangika moja chini ya nyingine, maandishi yatajikunja yenyewe, na kitakachotoka nje ya dirisha huenda kikawa picha kubwa tu. Huo ndio mtiririko wa kawaida. Kila amri ya mpangilio utakayoiandika baadaye inaubadilisha mtiririko huo mahali fulani, na asiyeufahamu hubaki kubahatisha.

Baada ya hapo kaa na suala la kisanduku, wala usiliharakishe. Ukiipa elementi, yaani kipande cha ukurasa kama aya au picha, width (upana) ya pikseli 300, padding (nafasi ya ndani) ya pikseli 20 na border (mpaka) ya pikseli 5 kila upande, kivinjari kitachora kisanduku chenye upana wa pikseli 350, kwa sababu kwa kawaida width huhesabu yaliyomo peke yake. Kurasa nyingi zinazoyumba kushoto na kulia kwenye simu zina kasoro hii. Ukiandika box-sizing: border-box, kisanduku kitabaki na pikseli 300 ulizozitaja. Mimi huiweka amri hiyo mwanzoni mwa kila faili la CSS, lakini ni vyema mwanafunzi apige hesabu hiyo kwa mkono kwanza, kisha abonyeze F12 kufungua zana za ukaguzi za kivinjari na kulinganisha jibu lake na vipimo anavyoonyeshwa na kivinjari.

Masomo ya zamani, ambayo bado yamejaa kwenye intaneti, yatakufundisha kupanga safu kwa float, na mengine ya zamani zaidi kwa majedwali. Yapite. Tangu Machi 2017, Chrome, Firefox na Safari zilipoanza kuikubali gridi ndani ya mwezi mmoja, hakuna sababu ya kumtesa anayeanza kwa mbinu hizo. Float ibaki kwa kazi yake ya asili, yaani kuyazungusha maandishi kando ya picha.

Kuhusu kuchagua kati ya fleksiboksi na gridi, mimi hutumia fleksiboksi pale vitu vinapojipanga kwa mstari mmoja, kama viungo vya menyu, na gridi pale ninapotaka safu wima na safu mlalo zikae sawa kwa pamoja. Kwa ukurasa wa bidhaa za duka, ukishaandika display: grid, mstari huu mmoja unatosha; unaagiza safu wima nyingi kadiri zinavyoenea, kila moja isipungue pikseli 240:

grid-template-columns: repeat(auto-fit, minmax(240px, 1fr));

Ukiongeza gap (nafasi kati ya safu) ya pikseli 16, eneo lenye upana wa pikseli 1200 litapata safu wima nne, zenye pikseli 288 kila moja, na kwenye simu ambayo eneo hilo lina pikseli 328 itabaki safu moja, bila kuandika sharti lolote la ukubwa wa skrini. Lakini usisahau kuweka meta ya viewport, yaani lebo inayoiambia simu itumie upana gani, yenye width=device-width kwenye head, sehemu ya juu ya HTML isiyoonekana, kwani bila hiyo simu huuchora ukurasa kana kwamba skrini ni pana kama ya kompyuta, kisha huupunguza hadi maandishi yasisomeke.

Jambo moja hunisikitisha ninapokagua kazi za wanaoanza: kuvihamisha vitu kwa amri ya order mpaka kinachoonekana kwanza kwenye skrini kikawa cha mwisho ndani ya HTML. Amri hiyo hubadilisha mwonekano tu. Asiyeona, anayesikiliza ukurasa kwa programu ya kusoma skrini, pamoja na anayepita kwa kitufe cha Tab, kwa kawaida hufuata mpangilio wa HTML. Kwa hiyo panga HTML yako kwa namna ambayo ungependa isomwe, ndipo uingie kwenye CSS.