Muhuri wa muda urudi kama ulivyotoka

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinipigia simu saa tisa alasiri, amechoka. Kila akibadilisha printa ya risiti kwenye mipangilio na kubonyeza Hifadhi, programu niliyomtengenezea inamjibu: “Mipangilio imebadilishwa na mtu mwingine.” Na dukani alikuwa peke yake.

Ulinzi huo niliuweka mwenyewe, ili watu wawili wasifutiane kazi. Ukifungua ukurasa, seva inakupa muhuri wa muda, yaani saa na sekunde ya badiliko la mwisho. Ukihifadhi, unaurudisha, nao unalinganishwa na ule uliomo kwenye hifadhidata. Ikitofautiana, unakataliwa. Nilipoiweka mihuri yote miwili pamoja nikaona, wa hifadhidata juu na uliorudi chini:

14:23:07.482913
14:23:07.482

PostgreSQL, hifadhidata ninayoitumia, inatunza muda hadi maikrosekunde, tarakimu 6 baada ya nukta. Date, aina ya data ya muda katika JavaScript (lugha ya programu inayoendeshwa kwenye kivinjari), inaishia kwenye milisekunde, tarakimu 3. Kivinjari kilikuwa kinausoma muhuri, kinaugeuza kuwa Date, kisha kinaurudisha umekatwa mkia. Majaribio yangu yalipita yote kwa kuwa muda wa kujaribia niliuandika kwa mkono, 10:00:00 kamili. Hapakuwa na mkia wa kukatwa.

Niliposhauriwa nilinganishe milisekunde tu, nilikataa. Ulinzi unaofumbia macho sehemu ya tofauti siuamini. Nilichofanya ni kuuacha muhuri uwe maandishi matupu tangu unapotoka kwenye seva hadi unaporudi. Date naitumia kumwonyesha mtu saa, basi. Na ukiweza, kwa kazi hii tumia namba ya toleo inayoongezeka kwa moja kila mtu anapohifadhi. Mimi sasa ndivyo ninavyoanza.

Usijaribu kukwepa kwa kutuma muda kama namba moja ya nanosekunde tangu 1970. Tarakimu zake ni 19, na JavaScript inahakikisha namba nzima hadi 9007199254740991 tu, yaani tarakimu 16.

Mnaotumia MySQL, hifadhidata nyingine, angalieni safu zenu: aina ya safu DATETIME bila namba kwenye mabano haina sehemu ya sekunde kabisa. Tena kwa kawaida haikati, inakwenda kwenye sekunde iliyo karibu, hivyo 07.6 inakuwa 08 na badiliko linaonekana limefanyika baada ya wakati wake halisi. Andikeni DATETIME(6).

Kwenye majaribio wekeni muhuri wenye mkia kama .482913, na mwingine wa 23:59:59.999999. Huu wa pili ukirudi na tarehe ya kesho, kuna mahali njiani panapopandisha sekunde.