Siku moja Berlin, niende jumba gani?

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Mi niko Lamu, mwezi ujao naenda kumuona kakangu Berlin, nina siku moja tu ya kutembea na nataka kuona jumba la mfalme. Niende wapi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Nenda Sanssouci, iko Potsdam, mji jirani na Berlin, wapanda treni ya S7 hapo Berlin dakika kama arubaini hivi umefika, ila hakikisha tiketi yako ni ya ABC, maana Potsdam iko zoni C na ukikamatwa na ya AB utalipa faini. Usiende Jumatatu, jumba hufungwa. Na tiketi ya kuingia ndani ina saa yake, kwa hivyo ikate mapema mtandaoni.

Jumba lenyewe Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia, alilijenga 1745 hadi 1747, halina ghorofa, na mbele lina ngazi ndefu inayoteremka matuta sita ya mizabibu na mitini iliyofungiwa vioo isife kwa baridi. Wallahi mi hapo ndipo nilikaa sana, mtini nyuma ya kioo! Ndani tazama nakshi za kuta, kama umekulia nyumba yenye zidaka za chokaa utaelewa kazi ya mkono ile.

Kisha tafuta kaburi la Friedrich hapo juu kando ya jumba, bamba la jiwe tu, amezikwa karibu na mbwa wake na watu humwekea viazi juu, kwa vile aliwahimiza wakulima wavilime. Beba sweta, mwanangu.