Kujitolea huku unapokea mafao ya kukosa ajira

Ndugu, umeuliza kama ukianza kujitolea siku mbili kwa wiki utakatiwa mafao. Kujitolea kwenyewe si kosa. Kinachoangaliwa hasa ni kama bado uko tayari kushika kazi ikipatikana. Ujerumani, kwa mfano, sheria inasema kujitolea hakumwondolei mtu hadhi ya kutokuwa na ajira, mradi kusimzuie kurudi kazini. Uingereza nayo inaruhusu, ila pesa unayopewa iwe ya kufidia gharama tu, kama nauli, na masharti mengine ya mafao uendelee kuyatimiza.

Hapo kwenye pesa ndipo watu wanapoponzwa. Nauli uliyorudishiwa kwa risiti haina shida. Lakini bahasha ya kila mwezi, kiasi kilekile uwe umesafiri au hukusafiri, afisa anaweza kuihesabu kuwa mshahara hata kama waliokupa wanaiita posho. Tunza risiti zote.

Toa taarifa kabla hujaanza, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Eleza utafanya nini, kwa saa ngapi, na kwamba ukiitwa kwenye usaili utaondoka siku hiyohiyo. Hao unaokwenda kuwasaidia nao waambie mapema, wasije wakakukabidhi funguo za ofisi.

Kuna jambo linaniuma sana: ukiona umepangiwa zamu za mtu aliyeachishwa kazi juzi, kataa. Hiyo ni ajira, unastahili kulipwa.