Katika Icon, kushindwa si thamani

Je, usemi (kipande cha msimbo kinachokokotolewa) unaoshindwa katika Icon, lugha ya kuandikia programu, hurudisha sifuri au «si kweli»? Hapana. Haurudishi thamani yoyote, na hapo ndipo lugha hii inapoachana na C. Chukua 3 < find("a", "kalamu"): find hutafuta nafasi za «a» ndani ya neno, na «a» ya kwanza iko nafasi ya 2, na kwa kuwa 3 si ndogo kuliko 2, ulinganisho unashindwa, lakini Icon haikati tamaa, bali inarudi kwa find na kuidai nafasi nyingine, inapewa 4, na usemi mzima unafaulu kwa thamani ya 4. Ukigeuza pande, ukaandika find("a", "kalamu") > 3, utafaulu vilevile ila utapata 3, kwa sababu ulinganisho hurudisha thamani ya upande wa kulia. Jambo hilo liliwahi kunipotezea jioni nzima. Wazo la kufaulu na kushindwa Ralph Griswold alitoka nalo kwenye SNOBOL, lugha ya awali aliyoshiriki kuibuni katika maabara ya Bell Labs, kabla ya kuanza Icon katika Chuo Kikuu cha Arizona mwaka 1977. Angalia tu kwamba utafutaji husimama kwenye jibu la kwanza linalofaa. Ukitaka yote, tanguliza neno every mbele ya usemi.