Re: Nimalize kujenga dunia kwanza au nianze hadithi?

Mkuu, umeuliza kama ni lazima umalize ramani na historia ya wafalme wote wa dunia yako ya kubuni ndo uanze sura ya kwanza. Hapana, anza leo. Chora pale tu mhusika wako anapoishi halafu jiulize maji wanatoa wapi, chumvi inatoka wapi, nani anamdai nani. Cheki pwani yetu, majahazi ya Uarabuni yalikuwa yanakuja na upepo wa kaskazi, kama Novemba mpaka Machi hivi, kurudi ni mpaka upepo wa kusi uanze, kwa hiyo mfanyabiashara anakaa mji wa watu miezi kadhaa, anaoa, anakopesha, anajenga, yani upepo tu umezaa koo na madeni na ugomvi, hapo una hadithi ngapi?

Na uchawi uwe na gharama aisee, mganga akitatua kila kitu bure msomaji haogopi chochote. Mwandishi Ursula Le Guin, kwenye riwaya yake A Wizard of Earthsea (1968), nguvu ya uchawi ipo kwenye kujua jina la kweli la mtu au kitu, so mtu akikwambia lake kakukabidhi roho yake, sheria moja tu lakini inagusa urafiki, hofu, kila kitu, mi naipenda sana hiyo. Wafalme waandike pembeni, utawaita ukiwahitaji.