Vitabu vya nyuki vimejaa chumba: kipi kibaki, kipi kitoke

Ndugu yangu wa Tabora, umeeleza kwamba vitabu vya ufugaji nyuki ulivyovikusanya kwa mapenzi vimejaza chumba ambacho watoto wanakihitaji, na hujui uviuze, uvigawe au uvibakize. Naomba uanze na mchwa: viondoe vyote sakafuni, vikague kimoja kimoja, na kilichokwisha kuliwa usimpelekee mtu mwingine.

Kisha jiulize kila kitabu kinazungumzia nyuki wa wapi. Vitabu vya Ulaya hutumia kurasa nyingi kueleza namna ya kulivusha kundi la nyuki katika majira ya baridi kali, jambo ambalo mfugaji wa misitu ya miombo halihitaji, kwa kuwa nyuki wetu wanapokosa maua huweza kuhama, na hatari zao ni moto wa kiangazi na nyegere, mnyama anayevunja mizinga ili ale asali. Hivyo vitoe, isipokuwa chenye michoro mizuri ya mzinga wa fremu, yaani sanduku lenye fremu za kuchomoa ambamo nyuki hujenga masega. Vinavyohusu mimea inayotembelewa na nyuki na uchakataji wa nta vibakize. Kama una daftari ulimoandika misimu ya maua ya huko kwenu, hilo usilitoe kamwe, maana haliuzwi dukani.

Kuhusu vinavyotoka, waulize kwanza Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo hapo hapo Tabora, ukiwapelekea orodha ya majina na miaka ya uchapishaji badala ya kufika na maboksi. Vya Kiswahili wasivyovihitaji, wape wafugaji wa Sikonge au Urambo.